Anza na Kipimajoto: Kasi ya Mmenyuko katika Maabara ya Dar

Vitabu vingi vya kemia vimeandikwa kwa ajili ya maabara yenye nyuzijoto 20 hadi 25. Dar es Salaam ya Februari, ndani ya chumba cha paa la bati chenye wanafunzi arobaini na zaidi na feni moja, haina habari na nyuzi hizo. Myeyusho uliokaa mezani tangu asubuhi unasoma 31, na ikifika saa nane mchana umepanda tena. Kwenye titresheni, yaani kupima nguvu ya myeyusho kwa kudondoshea mwingine, hilo halina madhara makubwa. Kwenye kasi ya mmenyuko ni balaa, kwa sababu joto ni mojawapo ya vitu tunavyotaka kuvichunguza, na hapa linaingia bila kualikwa.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalomwambia mwalimu mgeni wa maabara zetu halihusu asidi wala saa. Chovya kipimajoto ndani ya myeyusho wenyewe, siyo kukining'iniza ukutani, uandike namba hiyo juu kabisa ya jedwali la matokeo kabla mwanafunzi hajagusa kitu. Mkondo A wakifanya jaribio saa mbili asubuhi na mkondo B saa nane mchana, hawajafanya jaribio moja, hata kama wametumia chupa ileile. Bila namba hiyo, tofauti ya matokeo yao itaitwa uzembe, na watoto watajifunza kupika namba ili zifanane na za kitabu.

Chukua jaribio linalojulikana na kila aliyepita Kidato cha Tatu: sodiamu thiosalfeti na asidi ya haidrokloriki, bika juu ya karatasi yenye alama ya X. Salfa inazaliwa polepole ndani ya myeyusho, maji yanageuka maziwa, X inapotea, unasimamisha saa. Maelekezo ya kawaida ni gramu 40 za fuwele za thiosalfeti kwa lita, ambayo ni kama moli 0.16 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Ukolezi huo, yaani wingi wa dutu ndani ya kila lita, unafaa Ulaya. Tuseme kule, kwenye nyuzi 25, X inapotea baada ya sekunde 30. Kwa kadirio la kawaida kwamba kasi huongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, kwenye nyuzi 31 muda huo unashuka hadi kama sekunde 20. Mkono wa mwanafunzi kwenye saa ya simu huchelewa au huwahi kwa sekunde moja hivi. Sekunde moja ndani ya 20 ni asilimia 5 ya kosa, na hapo hatujahesabu kubishana kama X imepotea au bado.

Dawa yake ni kupunguza ukolezi, basi. Tumia gramu 25 za fuwele kwa lita badala ya 40. Hiyo ni karibu moli 0.1 kwa lita, na kwenye nyuzi 31 inakurudisha kwenye sekunde 30 na ushee kwa bika la kwanza. Umeokoa pia fuwele, na fuwele hizo si bei ya kuchezea. Asidi iandae moli 2 kwa lita: kutoka asidi kali ya asilimia 36 au 37, kama cm³ 170 zimiminwe ndani ya maji taratibu, kisha ujazilize hadi lita moja. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Usipindue hata siku moja.

Vipimo vya mabika ni hivi: thiosalfeti cm³ 50, 40, 30, 20 na 10, na maji cm³ 0, 10, 20, 30 na 40, ili kila bika liwe na cm³ 50 kabla ya kutia cm³ 5 za asidi. Hapo kwenye maji ndipo wengi wanapoharibu. Mwanafunzi anapima cm³ 10 za thiosalfeti, anasahau maji, anatia asidi. Anadhani amepunguza ukolezi, kumbe thiosalfeti yake imepungua kama robo tu kuliko ya bika la kwanza, asidi imekolea zaidi ya mara tatu, na kina cha maji kimekuwa kifupi kiasi kwamba X inaonekana hata salfa ikiwa nyingi. Makosa matatu kwa pigo moja. Ukiona muda wa bika la mwisho haueleweki kabisa, uliza kwanza kuhusu maji kabla ya kumlaumu mtoto kwa saa.

Kama kila kitu kimekwenda sawa, muda unapaswa kufuata mgawanyo mwepesi. Bika la cm³ 50 likichukua sekunde 32, la 20 litachukua kama 80 na la 10 kama 160. Chora 1 gawanya kwa muda dhidi ya ujazo wa thiosalfeti, mstari utanyooka na kuelekea kwenye sifuri. Usipoelekea sifuri, tafuta sababu kwenye vyombo: bika moja lilikuwa pana kuliko mengine, au X moja ilichorwa kwa penseli na nyingine kwa maka peni. Chora X moja kwa wino mweusi, itoe kopi, kila meza ipate yake. Mtu mmoja tu kwenye kundi aangalie, tangu bika la kwanza hadi la mwisho, kwa jicho lililo juu kabisa ya bika. Kwenye chumba ambacho umeme hukatika katikati ya kipindi, ni bora kukaa dirishani tangu mwanzo kuliko kuanza kwa taa na kumalizia gizani.

Salfa hung'ang'ania kioo. Bika lisilosuguliwa kwa brashi mara baada ya kutumika hubaki na utando, na utando huo unaupa mmenyuko unaofuata nafasi ya kuonekana wa haraka kuliko ulivyo. Halafu kuna gesi, salfa dayoksaidi, ambayo haimwachi mwenye pumu salama. Andaa ndoo yenye maji na magadi, yale ya sokoni, vijiko vichache vya kulia kwa lita tano. Kila bika likishasomwa linamwagwa humo papo hapo: magadi yanaua asidi, mmenyuko unasimama, gesi inanyonywa. Feni ielekee dirishani. Ikielekea wanafunzi, inawagawia gesi.

Myeyusho wa thiosalfeti wenyewe haukai. Ukiuandaa Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu, kwenye joto hili na maji ya bomba, utakuta umeanza kuchafuka. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, weka chembe ya sodiamu kabonati, kama gramu 0.1 kwa lita, funga chupa na uiweke gizani. Na ukienda kununua maji safi kwa muuza vipuri vya magari, angalia unachopewa. Ukisema "maji ya betri" tu, unaweza kupewa maji ya kuongezea au asidi yenyewe. Soma lebo, na ukirudi jaribu tone moja kwenye magadi kabla ya kuyaamini. Maji ya kisima ya maeneo mengi ya pwani yana chumvi. Kwa jaribio hili yanavumilika, ila kwa kupima kloraidi kwa nitrati ya fedha yatakuumbua, kwa sababu kila kitu kitatoa mashapo meupe.

Sasa joto lenyewe kama jaribio. Hapa Dar upande wa moto ni rahisi, upande wa baridi ndio wa kutafuta. Vitabu vinasema anzia kwenye joto la chumba, kisha 40, 50, 60. Ukianzia 31 na kuishia 60, bika la mwisho linakwisha kabla hujasema "anza", na gesi inakuwa kali. Nunua barafu. Wauza samaki wa Feri wanaijua kuliko sisi: kuoza ni mimenyuko, na kila nyuzi 10 zinazoondolewa zinapunguza kasi karibu nusu, ndiyo maana samaki anapita kutoka kwenye boti hadi kwenye barafu bila kupumzika juani.

Tumia cm³ 20 za thiosalfeti na cm³ 30 za maji katika mabika yote, joto lipangwe 15, 25, 35, 45. Kwa kuwa kwenye 31 mchanganyiko huu unachukua kama sekunde 80, kwenye 15 utachukua karibu dakika nne, na kwenye 45 karibu nusu dakika. Yote yanapimika. Ila bika la nyuzi 15 halitakaa kwenye 15 kwa dakika nne ndani ya chumba cha 31. Liweke kwenye beseni la maji ya baridi, X uibandike kwa selotepu chini ya bika kwa nje, ndani ya kipande cha nailoni, upime joto mwanzo na mwisho, uandike wastani. Asidi nayo ipoozwe au ipashwe kabla ya kuchanganya. Wengi wanapasha thiosalfeti peke yake, kisha wanatia asidi ya joto la chumba na kushangaa kipimajoto kimeshuka.

Kuna maelezo moja ambayo tungependa yafe. "Joto likipanda, chembe zinakimbia zaidi, zinagongana mara nyingi zaidi, kwa hiyo mmenyuko unakwenda haraka." Ni kweli nusu, na nusu hiyo ni ndogo mno. Hesabu mwenyewe. Kasi ya wastani ya chembe hufuata kipeuo cha pili cha joto kwa kipimo cha kelvini. Kutoka nyuzi 27 hadi 37 ni kutoka kelvini 300 hadi 310. Kipeuo cha pili cha 310 gawanya kwa 300 ni 1.016 na chenji. Yaani chembe zimeongeza mwendo kwa asilimia isiyofika 2. Mmenyuko umeongezeka karibu maradufu. Asilimia 98 nyingine imetoka wapi?

Imetoka kwenye kizingiti. Mgongano hauzai kitu mpaka uwe na nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya zamani. Svante Arrhenius aliiweka hesabu hiyo wazi mwaka 1889. Chukua mmenyuko wenye kizingiti cha kilojuli 50 kwa moli. Kwenye kelvini 300, migongano yenye nishati ya kuvuka ni kama 2 kati ya kila bilioni moja. Kwenye kelvini 310 ni karibu 4 kati ya bilioni. Migongano mingi bado inashindwa, lakini inayofaulu imeongezeka karibu mara mbili. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hahitaji kuikokotoa hesabu hiyo, ila namba hizo mbili zinamtosha kuelewa kwa nini nyuzi 6 tu za ziada katika maabara yetu zinaharibu jedwali lake.

Kichocheo nacho ni habari ya kizingiti hichohicho: kinafungua njia nyingine yenye kizingiti cha chini, hakipashi chochote joto. Haidrojeni peroksaidi ndiyo ya kuonyeshea. Famasi na maduka ya vifaa vya saluni huiuza, mara nyingi ile ya asilimia 6 inayoitwa ya ujazo 20, maana yake cm³ 1 ikioza yote inatoa cm³ 20 za oksijeni. Tatizo ni kwamba kwenye joto letu inaoza ikiwa kwenye rafu. Usiamini lebo. Chukua cm³ 2, zitie kwenye chupa ndogo yenye kichocheo, kusanya gesi kwenye sirinji ya cm³ 60. Ukipata kama 40, lebo inasema kweli. Ukipata 25, unayo ya ujazo 12 na nusu, na hesabu zako zote zianzie hapo. Iweke kwenye jokofu, kifuniko kisikazwe sana, maana gesi lazima itafute njia.

Kwa kichocheo, manganisi dayoksaidi ya dukani ni nzuri, lakini ipo pia ndani ya betri za tochi zilizokwisha, zile za bei nafuu zenye gamba la zinki. Unga mweusi wa ndani una kaboni na chumvi zilizochanganyika humo. Uoshe kwa maji mengi, uchuje, uukaushe. Betri za alkalini usizifungue, zina potasiamu haidroksaidi inayounguza ngozi na macho, na za simu usizikaribie kabisa. Ukikosa vyote, kipande cha maini mabichi ukubwa wa harage kinafanya kazi vizuri kuliko unga wowote. Kichemshe dakika tano kisha ukirudie, hakitafanya kitu, na hapo umepata mlango wa kuzungumzia vimeng'enya bila kuhamia kitabu cha biolojia.

Eneo la uso tulipite haraka, ila kwa tahadhari mbili ambazo zinawakwamisha watu. Ya kwanza, chaki ya ubaoni mara nyingi ni jasi, siyo kabonati. Ukiitia asidi na isipotoa mapovu, tatizo ni chaki. Tumia maganda ya mayai yaliyooshwa, makombe ya pwani, au vipande vya mawe ya chokaa, ambayo Dar haina uhaba wake. Kilima cha Wazo kinachimbwa kwa ajili hiyo na saruji inatoka hapo. Ya pili, usitumie asidi ya betri kwenye chokaa. Ile ni asidi ya salfuriki, na salfeti ya kalsiamu inayotengenezeka haiyeyuki vizuri, inalivisha jiwe koti, mmenyuko unaanza kwa kelele na kufa. Wanafunzi wanaandika kwamba chokaa imekwisha, kumbe ipo nzima chini ya koti.

Gramu 0.2 za kabonati ya kalsiamu zinatoa kama cm³ 50 za kaboni dayoksaidi kwenye joto letu, kwa hiyo sirinji moja ya cm³ 60 inatosha. Mizani ya jikoni haioni gramu 0.2, azima ya sonara inayosoma 0.01. Asidi ya cm³ 10 yenye moli 1 kwa lita ni zaidi ya inayohitajika. Unga uweke kwenye kifuniko kidogo cha chupa kinachosimama ndani ya asidi, funga kizibo kwanza, halafu inamisha. Ukitia unga kabla ya kufunga, gesi ya sekunde za mwanzo, ambayo ndiyo yenye habari, imekwenda zake. Pistoni ya sirinji hukwama na kuruka, ipake tone la gliserini na uizungushe kidogo kabla ya kila usomaji. Mwisho wa siku unga na kipande kimoja vyenye uzito sawa vinatoa gesi ileile, cm³ 50. Mteremko wa grafu tu ndio unaotofautiana. Hili walisome kwenye grafu yao wenyewe, kwa sababu ukiwauliza kabla ya jaribio wengi watasema unga unatoa gesi nyingi zaidi.

Mpaka hapo tumezungumza kana kwamba kila dutu ni sawa na nyingine. Weka vipande vinavyolingana vya magnesiamu, zinki, chuma na shaba kwenye asidi moja, joto moja, ukolezi mmoja. Magnesiamu inachemka, zinki inatoa mapovu ya uvivu, chuma uvivu zaidi, shaba imekaa kimya. Hakuna kitu kwenye orodha yetu ya joto, ukolezi na eneo la uso kinachoeleza hilo. Lazima uingie ndani ya atomi, na hapa ndipo tungependa mada ya muundo wa atomi ifundishwe: baada ya mwanafunzi kukutana na swali, siyo mwanzoni mwa mwaka ambapo anakariri maganda ya elektroni kama namba za simu. (Kuhusu zinki: ikiwa safi mno itagoma hata kwenye asidi nzuri. Tone la mrututu (salfeti ya shaba) linaiamsha, kwa sababu shaba inayojishika juu yake inatengeneza betri ndogo ndogo usoni pa metali. Wengine huita hiyo kichocheo. Tungeiacha jina hilo.)

Kiini cha atomi kina protoni na nyutroni, elektroni ziko nje kwenye maganda. Rutherford alikitambua kiini mwaka 1911, Chadwick akaipata nyutroni mwaka 1932. Kwa mimenyuko yetu kiini hakishiriki moja kwa moja; kazi yake ni kuvuta. Kinachoamua ni elektroni ya nje kabisa: iko mbali kiasi gani, na maganda mangapi ya ndani yanaikinga na mvuto huo. Ukihesabu elektroni ganda kwa ganda kutoka ndani, lithiamu imepangwa 2.1, sodiamu 2.8.1, potasiamu 2.8.8.1. Nishati ya kuing'oa elektroni ya kwanza ni kilojuli 520, 496 na 419 kwa moli, kwa mpangilio huo. Unashuka kundi, elektroni inang'oka kwa urahisi zaidi. Kwa klorini, bromini na iodini mwelekeo unageuka, kwa sababu zenyewe zinatafuta elektroni, na ganda la mbali linavuta vibaya.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini potasiamu si 2.8.9, ilhali ameambiwa mahali fulani kwamba ganda la tatu linabeba 18. Usimwambie ganda la tatu linabeba 8, kesho atakutana na chuma na utakuwa umemdanganya. Mwambie ganda la tatu linajaa hadi 8, kisha elektroni mbili zinazofuata zinaona nafuu ya nishati kwenye la nne, halafu la tatu linaendelea kujazwa kuanzia skandiamu. Kwa elementi 20 za kwanza hiyo inatosha na haina uongo ndani yake.

Jedwali la elementi nalo linafundishika kwa swali moja. Dmitri Mendeleev alilipanga mwaka 1869 kwa kufuata uzito wa atomi, akaacha nafasi tupu kwa elementi ambazo hazijapatikana. Galiamu ikaja kujaza moja mwaka 1875, germaniamu nyingine mwaka 1886. Sasa wape wanafunzi uzito wa agoni, 39.95, na wa potasiamu, 39.10, wapange kwa uzito. Potasiamu itaangukia kwenye gesi zisizomenyuka na agoni itaangukia chini ya sodiamu. Waache wagombane. Ni Henry Moseley mwaka 1913, kwa kupima miale ya eksirei, aliyeonyesha kwamba kinachopanga elementi ni idadi ya protoni: agoni 18, potasiamu 19, ugomvi umekwisha. Uzito wa agoni unazidi kwa sababu isotopu yake (atomi za elementi ileile zenye idadi tofauti ya nyutroni) iliyo nyingi ni ya 40, na ya potasiamu ni ya 39. Klorini yenye 35.5 inaelezeka kwa njia hiyohiyo, isotopu ya 35 na ya 37 kwa uwiano wa karibu tatu kwa moja.

Kisha onyesha sodiamu kwenye maji, kwa sababu hapo kasi na muundo wa atomi vinakutana. Kipande kisizidi punje ya mchele. Kitoe kwenye mafuta ya taa kwa koleo, kifute, kata ganda la nje. Kwenye unyevu wa pwani ganda hilo ni nene kuliko unavyodhani, na mafuta ya taa hupungua chupani kwa kuvukiza, yaongezwe kabla metali haijachungulia nje. Beseni la kioo lenye maji nusu, kioo kingine au wavu wa chuma juu yake, miwani, wanafunzi mita mbili nyuma. Sodiamu ielee huru. Ikinata pembeni au ukiiweka juu ya karatasi ya kuchujia, joto linakusanyika sehemu moja na haidrojeni inawaka.

Wekea lithiamu pembeni kwa kulinganisha, uwaulize kwa nini ni ya taratibu. Watajibu kwamba ina nishati ndogo. Hapana: kwa kila moli lithiamu hutoa joto zaidi ya sodiamu inapomenyuka na maji. Kiasi cha joto linalotoka na kasi ya kulitoa ni vitu viwili. Elektroni ya lithiamu inang'oka kwa shida zaidi, hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba sodiamu inayeyuka kwenye nyuzi 98, inakuwa tone linaloteleza na kuonyesha uso mpya kila wakati, wakati lithiamu inahitaji nyuzi 181 na hubaki ngumu. Ni eneo la uso lilelile la maganda ya mayai.

Potasiamu kwa darasa la kawaida iache. Hasa ile ya zamani iliyopata ukoko wa njano au wa machungwa: ukoko huo una oksaidi zenye oksijeni ya ziada, na kisu kikiukandamiza juu ya metali na mafuta unaweza kulipuka. Chupa ya namna hiyo haifunguliwi wala haisogezwi ovyo, anaitwa mtu wa kemikali hatarishi. Badala yake tumia kalsiamu. Inazama, inajaa mapovu, inapanda, na maji yanabaki meupe kwa haidroksaidi yake.

Mabaki ya sodiamu yasiende kwenye sinki. Yaweke moja moja kwenye bika kavu lenye spiriti, mbali na moto, subiri mapovu yaishe kabisa, ndipo umwagie maji mengi taratibu. Koleo na kisu vipitie spiriti hiyohiyo kabla ya kuguswa na kitambaa chenye maji.